Magadi iliitwa Turkana, nasi tukanyamaza

Mwaka 2005 filamu iitwayo The Constant Gardener ilionyeshwa katika majumba ya sinema ya Ulaya na Marekani, na mwaka uliofuata mwigizaji Rachel Weisz akatunukiwa Oscar kwa sehemu aliyoigiza humo. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Mbrazili Fernando Meirelles kutokana na riwaya ya John le Carré, ilipigwa hapa nchini Kenya. Ndani yake mtazamaji huonyeshwa ziwa lenye ufuo mweupe na upweke wa kutisha, akaambiwa kwamba hilo ni Ziwa Turkana. Silo. Ziwa lile ni Magadi, lililoko Kaunti ya Kajiado, mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka Nairobi.

Mtengenezaji wa filamu ana ruhusa ya kubuni, wala hakuna kanuni ya sanaa inayomkataza kulipa ziwa moja jina la jingine. Tunalolalamikia si ubunifu wake bali ni ukimya wetu. Miaka mingi imepita tangu filamu hiyo itolewe, na hadi leo mwanafunzi wa Kitengela, Isinya au mji wa Kajiado aweza kumaliza masomo ya sekondari bila ya kuambiwa na mtu yeyote kwamba ardhi ya kaunti yake imetazamwa na watu wengi ulimwenguni, tena ikiwa imevishwa jina la kuazima. Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, yako mambo ambayo hata mwenye macho huhitaji kuelekezwa.

Hoja ya makala haya ni fupi. Yafaa shule za Kajiado ziwapeleke wanafunzi kuyaona kwa macho yao maeneo ambamo filamu maarufu zimepigwa, nayo serikali ya kaunti iyatambue maeneo hayo, iyawekee alama, na ihakikishe kwamba mwenye ardhi anapata chake. Baadhi ya wasomaji watasema kuwa hiyo ni anasa. Tutajaribu kuonyesha kwamba ni elimu, na kwamba katika pande za Kitengela muda wa kuitoa unazidi kupungua.

Tuanze na vilima vya Ngong, ambavyo wakazi wa kaskazini ya kaunti huviona kila asubuhi. Filamu ya Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kutolewa mwaka 1985, ilipigwa katika sehemu mbalimbali za Kenya, zikiwamo pande za Karen chini ya vilima hivyo, Maasai Mara na Shaba. Ilipata Oscar saba, mojawapo ikiwa ile ya filamu bora ya mwaka. Inasimulia maisha ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyefika nchini mwaka 1914 na kulima kahawa hadi mwaka 1931, shamba lake lilipofilisika. Rafiki yake, Denys Finch Hatton, alikufa katika ajali ya ndege huko Voi mwezi Mei mwaka huo huo wa 1931. Kaburi lake liko katika vilima vya Ngong, ndani ya kaunti yetu. Mwaka 1986 nyumba ya Blixen huko Karen ilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho, na tangu hapo wageni kutoka nchi za mbali wamekuwa wakimiminika kuiona.

Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake huko atakuwa na mengi ya kuwauliza. Je, nyumba wanayoiona ndiyo ile ya kwenye filamu? Sivyo. Watengenezaji walitumia nyumba nyingine iliyo karibu, ile ambamo Blixen aliishi kwanza kabla ya kuhamia hii iliyo makumbusho leo. Je, Farah, yule msimamizi Msomali wa nyumba ya Blixen, aliigizwa na nani? Aliigizwa na Malick Bowens, mzaliwa wa Mali, Afrika ya Magharibi. Na simba je? Katika nchi inayojulikana duniani kote kwa simba wake, watengenezaji waliwaleta simba waliofunzwa kutoka California. Kijana akishayajua haya, hataitazama tena sinema kwa macho yale yale. Atajua kwamba picha hupangwa, na kwamba nyuma ya kila picha yuko mtu aliyeamua tuone nini na tusione nini.

Lililo zito zaidi ni lile ambalo kamera haikuligeukia. Filamu hiyo inatuonyesha ardhi pana, ya kijani, iliyo kama haina mwenyewe, ikimngojea mgeni aje aipende. Ukweli ni kwamba mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai wa kuwaondoa katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, na mwaka 1911 ukafuata mkataba wa pili uliowahamisha kutoka Laikipia kuja katika hifadhi yao ya kusini. Sehemu ya hifadhi hiyo ndiyo Kajiado ya leo. Mwanafunzi anayesimama juu ya Ngong akiutazama upande wa mashamba ya zamani ya walowezi na kisha kuugeukia upande wa nyanda kavu zinazoshuka kuelekea Magadi, atalielewa somo la historia kwa dakika chache kuliko kwa kurasa nyingi za kukariri. Uzuri wa mandhari ni jambo moja. Namna mandhari yalivyogawanywa ni jambo jingine, na yote mawili yanaonekana kutoka mahali pale pale.

Kusini ya kaunti iko Amboseli. Hapo napo kamera zimefika mara nyingi. Filamu ya pili ya Lara Croft, iliyotolewa mwaka 2003, ilipigwa kwa sehemu katika mbuga hiyo na katika Hell's Gate, huko Naivasha. Aidha, Amboseli ndiyo iliyompa ulimwengu Echo, ndovu jike aliyeongoza familia yake kwa miaka mingi na kufuatiliwa na mtafiti Cynthia Moss, ambaye kazi yake ya kuwachunguza ndovu wa hapo ilianza mwaka 1972. Filamu za televisheni juu ya ndovu huyo, zilizopigwa na Martyn Colbeck, zilitazamwa katika nyumba nyingi za Uingereza na Marekani. Echo alikufa mwaka 2009, mwaka ambao ukame uliwateketeza mifugo na wanyamapori wa Amboseli kwa pamoja. Ni haki kuuliza: mbona kuna watoto wa Ulaya waliomjua Echo kwa jina, ilhali watoto wengi wa Loitokitok na Namanga hawamjui?

Sasa tutazame upande wa pili wa shilingi. Mwaka 1996 ilitolewa filamu ya The Ghost and the Darkness, juu ya wale simba wawili walioua wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898. Kisa ni cha Kenya, mto ni wa Kenya, na reli ni ya Kenya. Hata hivyo filamu ilipigwa Afrika Kusini, kwa kuwa sheria zetu za kodi hazikuwavutia watengenezaji. Kwa hivyo twaweza kupoteza kwa njia mbili. Tunapoteza pale kisa chetu kinapopelekwa kwa wengine, na tunapoteza pale ardhi yetu inapotumiwa na isitajwe. Katika hali zote mbili anayeumia ni mwenyeji, maana mgeni, licha ya msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone, ama hakuja kabisa, ama alikuja akaondoka bila ya mwenyeji kupona.

Thamani ya jina si maneno matupu. Baada ya kupigwa kwa The Constant Gardener, waliohusika walianzisha mfuko wa kusaidia elimu katika sehemu walizofanyia kazi, na majina yanayotajwa kuhusiana na mfuko huo ni Kibera na Loiyangalani. Hilo lilikuwa tendo jema lisilostahili lawama. Lakini linatufundisha jambo moja: mahali panapotajwa hukumbukwa. Loiyangalani iko kando ya Turkana yenyewe, na dunia iliijua kwa jina lake. Magadi ilikuwa imevaa nguo za mwenziwe.

Wengine duniani wametanabahi mapema. Huko New Zealand, karibu na mji mdogo wa Matamata, kuna shamba la kondoo la familia moja ambalo watengenezaji wa filamu za The Lord of the Rings waliliona mwaka 1998 wakiwa angani wakitafuta mahali pa kufanyia kazi. Kuanzia mwaka 2002 shamba hilo limekuwa likipokea watalii kwa malipo, na kondoo bado wanalishwa humo. Familia haikuuza ardhi, na wala haikuacha ufugaji. Ilichofanya ni kuongeza pato la pili juu ya lile la kwanza. Mfugaji wa Kajiado anayehesabu ng'ombe waliobaki baada ya kila ukame anaweza kulielewa jambo hilo bila ya kufasiriwa.

Hata hivyo, si kila ziara ina heri. Ghuba ya Maya nchini Thailand ilipata umaarufu kutokana na filamu ya The Beach ya mwaka 2000. Watu wakaja kwa maelfu, mashua zikatia nanga juu ya matumbawe, hata serikali ikalazimika kuifunga ghuba hiyo mwaka 2018. Haikufunguliwa tena hadi mwaka 2022, na hapo ikafunguliwa kwa masharti. Ziwa Magadi, pamoja na samaki wake wadogo wanaostahimili maji ya moto na chumvi ambayo ingewaua samaki wengine, si mahali pa kukanyagwa ovyo. Ndiyo maana tunataka utaratibu uwekwe kabla ya umati kufika.

Yapo mapingamizi, na yanastahili kujibiwa. La kwanza ni gharama. Mzazi anayehangaika kulipa karo atauliza kwa nini mtoto wake alipe tena nauli ya kwenda kutazama mahali ambapo sinema ilipigwa. Jibu ni kwamba shule nyingi tayari huwapeleka wanafunzi wao safari za mbali, hadi Mombasa na Kisumu, kwa gharama kubwa zaidi. Kutoka Kitengela hadi Ngong ni safari ya kwenda na kurudi mchana. Magadi nayo inawezekana kwa siku moja kwa shule itakayoondoka alfajiri, ikarejea kabla ya giza. Tena safari moja ya Magadi hubeba masomo mengi kwa nauli moja. Njiani iko Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale katika miaka ya 1940. Mwisho wa barabara kuna kiwanda cha magadi, kilichoanzishwa na kampuni iliyoundwa mwaka 1911, pamoja na reli ya kutoka Konza iliyokamilishwa mwaka 1915. Mwalimu wa kemia, wa jiografia na wa historia, kila mmoja ana lake la kufundisha hapo. Filamu itakuwa ndoana tu ya kuvutia hamu ya kijana.

Pingamizi la pili ni la kizalendo. Kuna watakaosema kwamba filamu hizi ni za wageni, zinawasifu walowezi, na kwamba hatupaswi kuwapeleka watoto wetu kuhiji katika makaburi ya mabwana wa zamani. Wasiwasi huo tunauheshimu. Lakini kutozitazama hakutaziondoa duniani. Mgeni anayetua Nairobi tayari ameziona, na ana picha ya nchi hii kichwani kabla ya kuikanyaga. Kijana wetu asiyezijua hataweza kumjibu. Kijana aliyezitazama, akasimama mahali zilipopigwa na kuuliza kilichoachwa nje ya fremu, atamjibu kwa ushahidi. Isitoshe, si zote ni za walowezi. The First Grader ya mwaka 2010 inasimulia habari za mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa kuwa bila malipo. Watoto walioonekana humo ni wanafunzi wa kweli wa shule ya mashambani. Saikati, filamu ya mwaka 1992 ya Mkenya Anne Mungai, inamhusu msichana wa Kimaasai anayetamani elimu na kukataa ndoa ya kulazimishwa. Mwalimu anayezilinganisha filamu hizo na Out of Africa atapata mjadala wa wiki nzima.

Tumesema kuwa muda unapungua, na hapa tuitazame Kitengela yenyewe. Wenye umri wanaikumbuka ikiwa nyanda za nyasi zilizounganika na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako nyumbu na pundamilia walishuka kila msimu wa mvua. Leo ni mji. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta humo watu zaidi ya 150,000. Ardhi iliyokuwa ranchi za pamoja imekatwa vipande, vipande vikakatwa ploti, na seng'enge zimefunga mapito ya wanyama. Hatumlaumu aliyenunua ploti ili ajenge nyumba, wala aliyeuza ili asomeshe watoto. Lakini seng'enge ikishafungwa, mandhari hayarudi tena, na hakuna mtengenezaji wa filamu, wala mtalii, wala mwalimu, atakayekuja kutazama ukuta.

Katika jambo hili Kitengela iliwahi kutoa funzo lililo bora kuliko la New Zealand. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kukodi ardhi ambapo mwenye shamba alilipwa takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili asizungushe ua, asigawe wala kuchimba mawe, na awaache wanyama wapite. Malipo hayo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, karibu na kufunguliwa kwa shule kila muhula, ili yasaidie kulipa karo. Tazameni hekima iliyomo hapo! Nyasi zilizoachwa wazi ziligeuka kuwa ada ya mtoto. Kilichoudhoofisha mpango wa namna hiyo ni kwamba bei ya ploti hupanda kila mwaka, na fedha za wafadhili haziwezi kushindana nayo daima. Unahitaji mapato ya aina nyingi, na ada ya filamu pamoja na ya ziara zaweza kuwa miongoni mwake.

Kwa hivyo tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, serikali ya Kaunti ya Kajiado ishirikiane na Tume ya Filamu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2005, kuorodhesha kila mahali katika kaunti ambapo filamu ya maana imepigwa, na kusimamisha kibao chenye jina la filamu, mwaka wake, na jina la kweli la mahali hapo kwa Kiswahili, Kimaasai na Kiingereza. Pili, kibali cha kupiga filamu kiambatane na sharti kwamba jina la mahali liandikwe mwishoni mwa filamu, hata ikiwa katika hadithi pameitwa kwingine. Tatu, mwenye ardhi alipwe ada inayojulikana, iliyoandikwa, na isiyopitia mifukoni mwa madalali. Nne, vijana waliomaliza kidato cha nne wafunzwe kazi ya kuwaongoza wageni katika maeneo hayo, kwa sababu hao wanazijua njia na lugha, na wengi wao wanakaa bila ya kazi.

Kwa walimu tuna neno la ziada. Mtaala wa umilisi umeipa sanaa njia yake katika shule za sekondari ya juu, na ndani yake kuna somo la maigizo na filamu. Tamasha la taifa la maigizo nalo linapokea filamu zilizotengenezwa na wanafunzi. Msingojee basi kubwa wala kibali cha kaunti. Onyesheni filamu darasani, mkiwa na ramani ukutani. Wanafunzi waandike wanayodhani wanayaona. Kisha wapelekeni mahali penyewe, wazungumze na wazee wa hapo, waulize mahali hapo panaitwaje na nani alipaita hivyo. Wakirudi shuleni, watengeneze filamu yao wenyewe, iwe fupi, ya dakika tano tu, kwa simu ikiwa hakuna kamera. Masharti yawe mawili: iwe imepigwa Kajiado, na Kajiado itajwe.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba mandhari mazuri yako Pwani pekee, au katika nchi za mbali mnazoziona kwenye televisheni. Watu wamevuka bahari na kutumia fedha nyingi kuja kuyapiga picha mandhari ambayo ninyi huyapita mkienda kuteka maji au kuchunga. Jifunzeni kuyataja kwa majina yake. Siku mtengenezaji mwingine atakapokuja na kamera zake na kuliita Ziwa Magadi kwa jina jingine, awepo angalau mwanafunzi mmoja wa Kajiado atakayesimama na kumsahihisha, kwa adabu na kwa ujuzi.